Picha ya Eksirei ni Safi, Mgongo Bado Unauma: Tuzikumbuke Kano



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mgongo. Katika idara ya wagonjwa wa nje hapa hospitalini kwetu haipiti siku bila kusikia maneno haya: "Sista, kiuno kinanikata." Wanayasema akina mama wakulima, wanayasema wazee, na siku hizi wanayasema hata vijana waendesha bodaboda. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kujipimia ugonjwa wenyewe nyumbani. Huyu anasema ni figo, yule anasema mishipa imekaza, mwingine amekwisha kunywa dawa za homa ya matumbo mara tatu bila kupimwa. Ni wachache mno wanaotaja kitu ambacho sisi tungependa kitajwe mapema zaidi, yaani kano za uti wa mgongo.

Tutaeleza kano hizo ni nini na zinaumizwaje. Lakini kwanza tunaomba mtusikilize kisa kimoja ambacho kinatusuta mpaka leo.

"Huna kitu"

Miaka mingi iliyopita, wakati wa palizi, bwana mmoja alimleta mke wake kwa baiskeli. Mama huyo alikuwa na watoto sita, na maumivu ya kiuno yalikuwa yamemshika kwa majuma matatu. Daktari alimpima, akaagiza picha ya eksirei. Picha ilitoka safi: pingili zote nzima, hakuna mfupa uliovunjika wala kuliwa. Daktari akawaambia, "Mifupa haina tatizo," kisha akaita mgonjwa mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu. Kule barazani yule bwana akamgeukia mkewe akasema, "Umesikia mwenyewe. Huna kitu. Ni uvivu tu." Mama hakujibu. Alishika ukuta, akainuka taratibu kama bibi wa miaka themanini. Sisi tulikuwa hapo hapo, faili lake mkononi, na tulinyamaza.

Siku ile ile tulifanya na kosa la pili. Tulimpa vidonge vya kutuliza maumivu, tukamwambia alale juu ya godoro lililowekewa ubao kwa majuma matatu, kama tulivyofundishwa chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipolala, ndoo za maji zilihamia kichwani kwa binti yake wa darasa la tano, naye akaacha kwenda shule. Baada ya mwezi na zaidi mama alirudi kwetu. Mgongo ulikuwa umekakamaa kuliko mwanzo, misuli ya mapaja ilikuwa imesinyaa, na shamba lilikuwa limemezwa na magugu.

Mama yule alikuwa na kitu, ila picha haikuweza kukionyesha. Eksirei huonyesha mifupa. Kano na misuli iliyoizunguka haionekani humo, wala vile visahani vilivyo katikati ya pingili. Kwa hiyo picha safi inatuambia kwamba mfupa ni mzima. Haitoi ushahidi wowote kwamba mwenye mgongo ni mwongo au mvivu.

Kano ni nini?

Sisi nyumbani huita "mshipa" karibu kila kitu chembamba kilichomo mwilini. Yafaa tutenganishe. Mshipa wa damu hupitisha damu. Mshipa wa fahamu hupitisha habari za maumivu na za mwendo. Kano, ambayo wengine huiita ligamenti, haipitishi kitu. Ni ukanda imara wa nyuzi unaofunga mfupa kwa mfupa, ili mifupa isiachane wala isiteleze kupita kiasi.

Fikirini nyumba ya miti na udongo. Miti imesimama, fito zimelazwa, na kila zinapokutana pamefungwa kamba. Mpita njia huona ukuta tu, wala haoni kamba. Lakini kamba zikilegea, ukuta huanza kuegama hata kama hakuna mti mmoja uliovunjika. Uti wa mgongo ni vivyo hivyo. Mtoto huzaliwa na pingili 33: saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, tano za nyonga na nne za kifandugu. Anapokua, zile tisa za chini huungana zikawa mifupa miwili, na zile 24 za juu hubaki zikicheza. Hizo ndizo zinazofungwa kwa kano nyingi, mbele, nyuma na kando.

Kuna kano ndefu inayopita mbele ya pingili toka shingoni hadi nyonga. Hiyo huzuia mgongo usipinde kupita kiasi kwenda nyuma. Kuna nyingine ndefu inayopita nyuma ya miili ya pingili, ndani ya ule mfereji unaopitisha kamba kuu ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Hii ya pili ina udhaifu mmoja: inapofika kiunoni huwa nyembamba, nayo huacha pembe za visahani bila kinga ya kutosha. Ndiyo maana kisahani kinapofura au kupasuka, mara nyingi hutokeza upande mmoja kwa nyuma na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka kwenye tako, paja, hadi chini ya goti.

Kuna pia kano fupi zilizo kati ya vile vinundu tunavyovigusa katikati ya mgongo. Hizi ndizo zinazovutwa sana tunapoinama. Na kuna kano yenye rangi ya manjano, ambayo imejaa nyuzi zinazovutika kama mpira. Katika ujana hurudi mahali pake vizuri. Katika uzee huweza kunenepa na kupunguza nafasi ya mishipa ya fahamu. Mzee wa namna hiyo hutembea mwendo mfupi, miguu ikafa ganzi, akalazimika kukaa au kuinamia fimbo yake ndipo apate nafuu. Watoto wasimcheke babu anayesimama kila baada ya nyumba tatu. Wamlete apimwe.

Mambo mawili zaidi yakumbukwe. Kwanza, kano zina ncha za fahamu, kwa hiyo zikiumia zinauma kweli kweli. Pili, damu inayozifikia ni kidogo ikilinganishwa na ile ya misuli, na kwa sababu hiyo hupona polepole. Msuli uliovutika huweza kutulia baada ya siku chache au majuma machache. Kano iliyoumia huweza kudai miezi. Tuseme ukweli pia kwamba mgonjwa akija na maumivu ya kawaida ya kiuno, mara nyingi hakuna awezaye kusema kwa hakika ni kano ipi, msuli upi au kisahani kipi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maumivu ya namna hiyo, yasiyo na chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa hakika, ni kama 90 katika kila wagonjwa 100 wa kiuno. Lakini jinsi ya kuvilinda vyote vitatu ni ile ile, nayo iko mikononi mwetu.

Nyakati tatu za hatari

Wa kwanza ni alfajiri. Usiku tunapolala, visahani vilivyo kati ya pingili hunyonya maji na kufura kidogo. Ndiyo maana mtu akipimwa asubuhi huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimeta moja hivi au zaidi. Visahani vilivyofura huzikaza kano, kwa hiyo kuinama sana katika saa ile ya kwanza baada ya kuamka huvuta kano na visahani kwa nguvu zaidi kuliko kuinama kule kule saa nne. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiuno wa muda mrefu waliofundishwa kuepuka kuinama asubuhi na mapema walipungukiwa na maumivu.

Sasa tujiulize: mama wa nyumbani kwetu hufanya nini kwanza anapoamka? Huchukua ufagio mfupi wa njukuti, akainama na kufagia uwanja mzima, ukuta hadi ukuta. Kisha hupuliza moto kwenye mafiga. Kisha huinua ndoo. Yaani tumeichagua saa mbaya kuliko zote, tukaichagulia na kazi mbaya kuliko zote.

Wa pili ni mara tu baada ya kuinama muda mrefu. Mtu akipalilia kwa jembe la mpini mfupi, ameinama kabisa, misuli ya mgongo hufika mahali ikapumzika na kuziachia kano mzigo wote. Kano nazo huvutika kidogo kidogo kama kamba mbichi. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwakalisha watu wakiwa wameinama kabisa kwa dakika 20. Walipoinuka, mgongo ulikuwa umelegea. Baada ya dakika mbili ulikuwa umerudi kama nusu tu, na hata baada ya nusu saa ulegevu fulani ulikuwa bado upo. Basi yule anayepalilia saa mbili, kisha akanyanyuka na papo hapo kubeba gunia au mzigo wa kuni, anabeba kwa kamba zilizolegea. Akina mama wengi hutuambia, "Kilinikata nilipojitwisha." Wanadhani ni mzigo peke yake. Kumbe yale masaa ya kuinama kabla ya mzigo nayo yalikuwa yameandaa madhara.

Dereva wa bodaboda au wa daladala aliyekaa amejikunja kutwa, kisha akashuka na kuinua mzigo wa abiria, yumo katika hatari hiyo hiyo. Fundi cherehani pia.

Wa tatu ni wakati wa ujauzito na miezi inayofuata. Mwili wa mama mjamzito hutoa homoni zinazolegeza kano za nyonga na za kiuno, ili mtoto apate njia ya kupita. Ni maandalizi mazuri. Lakini kano zile zile zilizolegea ndizo tunazozitwisha ndoo ya lita 20 mpaka siku ya uchungu. Baada ya kujifungua, kano hazikazi siku ile ile. Huchukua majuma mengi, pengine miezi. Wazee wetu waliomwekea mzazi siku arobaini za kutofanya kazi nzito hawakujua homoni, lakini katika jambo hili walikuwa na busara. Tunasikitika kuona desturi hiyo ikififia, na mama akionekana kisimani na mtoto wa siku kumi mgongoni.

Je, ndoo ya kichwani ndiyo mkosaji?

Wengi hudhani kubeba kichwani ndiko kunakovunja mgongo. Hapa hapana budi tuwe waangalifu. Mwaka 1986 watafiti walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya: Waluo waliobeba kichwani, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu walipotembea. Ni ufundi wa ajabu, nao unastahili heshima.

Lakini tufanye hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji bila kuhesabu ndoo yenyewe. Binti wa darasa la tano mwenye kilo 30, sehemu yake ni kilo sita tu. Na zaidi ya hapo, mgongo mara nyingi huumia kabla ya safari kuanza, pale mtu anapoinama, kupinda kiuno na kunyanyua ndoo toka chini peke yake. Shingo nayo ina kano zake, na mzigo uliozidi huzielemea.

Kitanda, sindano na chale

Turudi kwenye kosa letu la kulaza wagonjwa. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walitangaza utafiti wa wafanyakazi 186 wa manispaa ya Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kila siku kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi ni hao wa mwisho. Leo tunajua kwamba kano na misuli hupata uzima kwa mwendo wa kiasi. Kulala siku moja au mbili kwa sababu maumivu ni makali si dhambi. Kulala majuma matatu ni kujidhoofisha. Tunaomba radhi kwa wote tuliowalaza hivyo.

Kuhusu sindano: dawa kama diklofenaki hupunguza maumivu, na daktari akiiandika ina kazi yake. Lakini hairudishi kano iliyolegea. Anayekwenda duka la dawa kila juma kuchoma "sindano ya mgongo" anajitafutia vidonda vya tumbo, madhara ya figo na kupanda kwa shinikizo la damu. Akiwa mjamzito hatari huongezeka. Tumekwisha kupokea wagonjwa waliotapika damu kwa ajili ya kiuno ambacho kingetulia kwa kutembea na kubadili namna ya kuinua ndoo.

Kukandwa kwa mkono wa taratibu na maji ya moto si vibaya, huleta nafuu. Tunachokataa ni kukanyagwa mgongoni na kuchanjwa chale. Wembe unaopita kwa watu wawili unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Lilisema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Yaliyotiliwa mkazo ni kumwelimisha mgonjwa na kumpa mazoezi. Mikanda ya kubana kiuno haikupendekezwa, ingawa sokoni inauzwa kwa bei ya kuku wawili.

Nyumbani tufanye nini?

Haya ndiyo tunayowashauri wagonjwa wetu siku hizi:

1. Unapoamka, geukia ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mikono ndipo ukae. Tembea kidogo kabla ya kuinama. Kazi ya kufagia uwanja isogezwe mbele walau kwa saa moja, au ifanywe na mwingine.

2. Ufagio utiwe mpini mrefu. Fimbo moja na kamba vyatosha, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuitengeneza. Jembe nalo litiwe mpini unaomfaa anayelitumia, hasa la palizi.

3. Shambani, kila baada ya dakika 20 hivi simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe taratibu kuelekea nyuma mara tano. Ukimaliza kupalilia, tembea kwanza dakika kumi kabla ya kuinua chochote kizito.

4. Unapoinua kitu, kunja magoti na nyonga, mgongo uwe umenyooka, mzigo uwe karibu na tumbo. Usipinde kiuno huku umebeba. Geuza miguu.

5. Ndoo ya lita 20 iinuliwe na watu wawili, au iwekwe kwanza juu ya jiwe au kiti ndipo mtu ajitwishe. Afadhali safari mbili za lita kumi kuliko moja ya kumvunja mtu. Penye baiskeli au mkokoteni, vitumike kwa maji kabla ya kutumika kwa matembezi.

6. Mtoto abebwe kwa mbeleko iliyokazwa, akae juu na karibu na mwili wa mama, asining'inie kiunoni.

7. Tembea kila siku. Misuli ya tumbo na mgongo ikiwa imara huzisaidia kano kazi. Anayeumwa aanze na dakika kumi, aongeze kidogo kidogo.

Wanaume wa nyumba, hapa tunasema nanyi moja kwa moja. Katika orodha hii hakuna kitu cha kununua kwa fedha nyingi. Kilicho kigumu ni desturi. Tumezoea kwamba maji ni ya mama na binti, kuni ni za mama na binti, ufagio ni wa mama na binti, na baiskeli ni ya baba. Kisha mama akisema kiuno kinauma tunamtafutia sindano. Sisi tunaona dawa ya kwanza ya mgongo wa mama ni mzigo kupungua, na huo hauwezi kupungua bila mwingine kuupokea. Na asiupokee binti peke yake, kama ilivyotokea kwa yule wa darasa la tano. Baba yupo. Wavulana wapo, nao wana migongo ya kutosha.

Gunia nalo litazamwe

Lakini haki iwe kwa wote, maana wanaume nao wanaumia, hasa vijana wa kupakia mizigo. Gunia la mahindi ni kilo 100, na lile la lumbesa huzidi hapo ingawa sheria inalikataza. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema mzigo unaobebwa na mwanaume mzima mmoja usizidi kilo 55. Kijana wetu wa sokoni anabeba karibu mara mbili ya hapo, mara nyingi kwa siku. Kenya mwaka 2019 ilitoa kanuni kwamba viazi vifungwe katika magunia yasiyozidi kilo 50. Sisi tunadhani vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa hapa wanaweza kuanza hivyo bila kungoja kusukumwa. Mwenye gunia hapotezi kitu akilifunga mara mbili. Mwenye mgongo hupoteza mengi asipofungiwa hivyo.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Tumesema maumivu mengi ya kiuno si ya kutisha. Yapo machache ambayo hayangojei. Mlete mgonjwa mapema ukiona dalili hizi:

Maumivu pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vijidudu vyake hula pingili na huweza kutambaa chini ya ile kano ndefu ya mbele, toka pingili moja hadi nyingine, kabla mgongo haujatoa nundu. Si lazima mgonjwa awe na kikohozi. Dawa zake hutolewa bure, na akiwahi hupona. Akichelewa huweza kupooza.

Kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ganzi katikati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Maumivu baada ya kuanguka mtini, kwenye pikipiki au kisimani. Mgonjwa huyo asikalishwe wala asikunjwe kwenye baiskeli. Alazwe juu ya ubao au mlango, abebwe na watu wanne akiwa amenyooka.

Maumivu yasiyotulia usiku wala mchana kwa mtu aliyezidi miaka 50, au aliyewahi kuugua saratani. Na maumivu yoyote ya mgongo kwa mtoto mdogo yanayodumu, maana mtoto hana kawaida ya kuumwa kiuno.

Neno la mwisho

Yule mama tuliyemtaja tulimwona tena mara nyingi. Safari ile ya pili muuguzi mwenzetu aliyekuwa na busara kutuzidi alimwita mume wake ndani, akamkalisha, akachukua kipande cha mkono wa nguo kilichoshonwa vibaya, akakivuta mbele yake mpaka nyuzi zikalegea. Akamwambia, "Hiki hakionekani kwenye picha, lakini ndicho kinachouma." Bwana yule alikitazama muda mrefu. Hatukumsikia akiomba radhi, lakini majuma mawili baadaye tulimpita njiani akisukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maji. Binti alirudi shuleni. Mama hakupona kwa siku moja. Ilichukua karibu mwaka, kwa kutembea na kwa kuinua kidogo kidogo, na mpaka leo kiuno humkumbusha mvua zinapokaribia. Lakini analima.

Basi tunawaomba katika jumuiya zenu mlizungumze jambo hili. Na wewe uliye na mgonjwa wa mgongo nyumbani, kabla ya kumwambia kwamba hana kitu, jiulize leo ameinua nini, ameinua mara ngapi, na wewe ulikuwa wapi.

Tukutane mwezi ujao.